Kutoa Hewa Kwenye Breki, Uani Kwako

Kutoka Arua hadi Pakwach, huku West Nile nchini Uganda, ardhi inashuka. Mji wa Arua umekaa kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Pakwach, palipo na daraja la kuvukia Nile ya Albert, uko karibu nusu ya kimo hicho. Tofauti hiyo yote hulipwa na breki. Hiace iliyojaa abiria, paani imebeba magunia ya muhogo na marobota ya nguo, huteremka baada ya Nebbi ikikanyagwa breki tena na tena, na kila mkanyago hugeuka joto kwenye disku na dramu za magurudumu. Anayeendelea na safari ya Kampala bado anakutana na Karuma, daraja la mwaka 1963, ambalo mteremko wake unajulikana na kila dereva wa njia ile kwa ajali zake. Na anayetoka Koboko kupitia Yumbe na Moyo kwenda Adjumani hufika Laropi, ambako barabara inaishia majini, na gari halina budi kuteremka ukingoni polepole hadi kwenye feri.

Mazungumzo haya yanahusu hewa. Si hewa ya kwenye tairi. Ni ile kidogo inayonaswa ndani ya mabomba membamba ya breki, ambayo kiasi chake hakijazi hata kikombe cha kahawa, lakini yatosha kuifanya pedali izame chini ya mguu wakati dereva anaihitaji kuliko wakati wowote mwingine.

Mguu wa dereva haufiki kwenye gurudumu. Kinachofika ni msukumo wa mafuta. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, ndiye aliyeieleza kanuni yenyewe: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawasawa kila upande. Mmarekani Malcolm Loughead akaileta kanuni hiyo kwenye magari, akapata hataza mwaka 1917, na mwaka 1921 Duesenberg Model A likauzwa likiwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Ford walisita, magari yao yalibaki na fimbo na nyaya hadi 1939. Tangu hapo karibu kila gari dogo duniani linasimama kwa njia hiyo hiyo: pedali inasukuma pistoni ndani ya masta silinda, mafuta yanasukumwa kwenye bomba, na huko mwisho kalipa inabana pedi kwenye disku, au silinda ya gurudumu inatanua shuu ndani ya dramu. Yote haya yanategemea sifa moja ya mafuta, kwamba hayakubali kubanwa yakapungua. Hewa inakubali. Dereva akikanyaga pedali yenye hewa ndani ya bomba, sehemu ya nguvu yake inaishia kuibana ile hewa, na gurudumu linapata masalio.

Hewa huingia kwa njia zinazofahamika. Fundi amefungua bomba kubadilisha silinda. Kikopo cha mafuta ya breki kimeachwa kikakauka. Hozi imepasuka, au mpira wa ndani ya masta silinda umechoka. Lakini ipo njia nyingine isiyohitaji tundu lolote, nayo ndiyo inayostahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi katika sehemu zenye miteremko: maji.

Mafuta ya breki ya kawaida hutengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli hunyonya unyevu mwaka mzima. Unyevu hupenya hozi za mpira, na huingia kila kifuniko cha kikopo kinapofunguliwa. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, lazima yastahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Sasa mrudishe akilini dereva yule wa Hiace anayeteremka kutoka Nebbi. Disku zake zimepata moto, joto linapita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta, na maji yaliyomo ndani yanaanza kuchemka. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi mara 1,600 hivi kuliko yalipokuwa maji. Pedali iliyokuwa ngumu juu mlimani inakuwa laini chini. Gari likishapoa mvuke unarudi kuwa maji, pedali inarudi kuwa ngumu, na atakayelikagua kesho yake asubuhi hataona kasoro.

Ndiyo maana viwanda vingi vinashauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au karibu na hapo, hata kama gari limekaa tu uani. Huku West Nile ushauri huo haufuatwi sana. Mwenye gari huhesabu kilomita za oili ya injini, akabadili tairi zikiwa kipara, akanunua pedi zinapoanza kulia. Mafuta ya breki huyaongeza tu yakipungua. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa Uganda magari yaliyotimiza miaka 15, lakini hata gari la miaka kumi na mbili linalotua Mombasa kutoka Japani huenda lina mafuta ambayo hayajaguswa kwa muda mrefu. Linafika Arua likiwa limeoshwa na kung'arishwa. Kikopo cha breki hakuna anayekiangalia.

Na kazi yenyewe ya kutoa hewa pamoja na mafuta ya zamani, kublidi breki kama wasemavyo gereji, si kubwa. Kwa vifaa sahihi na msaidizi mmoja makini, mtu anaweza kuifanya uani kwake Jumamosi asubuhi akamaliza kabla jua halijawa kali. Tatizo limekuwa vifaa. Mara nyingi hufanywa kwa koleo la kuminyia, chupa ya soda na mafuta yaliyofunguliwa tangu mwaka jana, na kazi ya namna hiyo ni afadhali isifanywe kabisa.

Kwanza ni mafuta. Aina yake haikisiwi. Imeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Kwenye Toyota nyingi pameandikwa DOT 3. Kwenye baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani maandishi huwa ya Kijapani, lakini katikati yake unaweza kuona herufi BF-3 au BF-4. Hivyo ni viwango vya Kijapani vinavyolingana na DOT 3 na DOT 4. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo, na haina kazi kwenye Premio wala Probox ya mtu. Chupa inunuliwe ikiwa na muhuri wake. Chupa iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita, ikakaa rafuni kupita msimu mzima wa mvua, imekwisha kunywa maji.

Hapa pana kosa moja linaloua breki za gari zima. Wapo wanaojazia kikopo kwa oili ya injini, au mafuta ya usukani, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Raba za ndani ya breki zimetengenezwa kuishi na glaikoli. Zikikutana na mafuta ya petroli au oili ya madini huvimba, zikawa laini, zikashindwa kuziba. Dalili ya kwanza huonekana kwenye kikopo chenyewe: raba ya chini ya kifuniko imetanuka, haingii tena mahali pake. Anayenunua gari la mkononi afungue kifuniko hicho kabla ya kufungua pochi. Raba ikiwa imevimba, kublidi hakutasaidia. Masta silinda, silinda za magurudumu, raba za kalipa na hozi vyote vinahitaji kubadilishwa, na mabomba yasafishwe. Maji ya sabuni, ambayo madereva wengine huyamimina njiani ili wafike nyumbani, yana hatari yake: huchemka kwenye nyuzi 100 na kuacha kutu ndani ya silinda.

Spana nayo ina maana yake. Juu ya kila kalipa na nyuma ya kila silinda ya gurudumu kuna skrubu ndogo yenye tundu katikati, niplo, na hapo ndipo hewa inapotokea. Kwenye magari mengi ya Kijapani kichwa chake ni cha milimita 8 au 10. Ni chuma laini, kimeshakaa miaka kwenye vumbi la murram na matope ya barabara ya Yumbe, na spana ya mdomo wazi hukizungusha kona zake zikaisha. Inatakiwa spana ya ringi yenye pande sita. Niplo ikigoma, ipigwe brashi ya waya, inyunyiziwe mafuta ya kulegeza kutu, isubiriwe, igongwe kidogo na nyundo ndogo, ijaribiwe tena. Ikikatikia ndani, kalipa nzima inakwenda kutobolewa gereji, na gharama yake inapita ile ya kazi yote ya siku hiyo. Vingine ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaobana vizuri kwenye niplo. Kopo lisilo na rangi, lenye mafuta mapya kidogo chini yake. Jeki na stendi imara za kuliegemeza gari. Vizuizi vya magurudumu. Glavu na miwani. Mtu asiingize mkono nyuma ya gurudumu la gari lililobebwa na jeki peke yake, hasa kwenye udongo mwekundu wa huku, unaotitia ukiwa umelowa. Chini ya stendi pawekwe ubao mpana.

Tuseme mwalimu mmoja wa Koboko ameamua kuifanya kazi hiyo na binti yake wa sekondari. Gari ni Premio, liko juu ya stendi, kikopo kimejazwa hadi mstari wa juu baada ya kufutwa vumbi. Binti ameketi kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa. Chini ya pedali baba ameweka kipande cha ubao, ili pedali isifike sakafuni kabisa, kwa sababu kwenye masta silinda ya zamani pistoni ikisukumwa hadi sehemu ambayo haijazoea kufika, hukwaruzwa na kutu ya huko na raba zake zikaharibika. Baba yuko nyuma kushoto, ameingiza spana kwenye niplo, kisha mpira, na mwisho wa mpira umezama ndani ya mafuta yaliyo kwenye kopo. Kuzama huko ni muhimu: pedali ikirudi, kitakachovutwa ni mafuta, si hewa.

"Kanyaga." Binti anakanyaga taratibu mara mbili tatu. "Shikilia." Anajibu, "Nimeshikilia, baba," na kabla ya jibu hilo spana haisogei. Robo ya mzunguko. Mafuta yanatoka kwenye mpira kwa kishindo kidogo, yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na katikati yake zinapita chembe za hewa, moja kubwa, kisha mfululizo wa ndogo ndogo. Pedali inazama chini ya mguu wa binti hadi kwenye ubao. Niplo inafungwa. "Achia." Hapo tu ndipo mguu unainuliwa. Mpangilio huo ukikosewa, mguu ukiinuliwa niplo ikiwa wazi, hewa iliyotolewa inaweza kurudi.

Wanarudia. Baada ya mara tano hivi baba anakwenda kukiangalia kikopo na kuongeza mafuta, kwa sababu kikikauka kazi yote inaanza upya na hewa mpya imeingia kutoka juu. Wanarudia tena hadi yanapotoka mafuta meupe yenye umanjano hafifu, bila chembe hata moja. Niplo inakazwa, bila nguvu za bega, na kifuniko chake cha mpira kinarudishwa, maana tundu hilo likiachwa wazi litajaa matope na safari ijayo halitatoa kitu.

Kwa nini walianza nyuma kushoto? Uganda magari hupita kushoto, usukani uko kulia, na masta silinda hukaa upande wa dereva. Gurudumu lililo mbali nayo zaidi ni la nyuma kushoto. Kisha hufuata la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Lakini Koboko ni mji wa mipaka miwili. Ukivuka Oraba kuingia Sudan Kusini, au ukivuka kuingia Kongo, magari hupita kulia, na tangu kambi ya Bidi Bidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016 sehemu hizi zimezoea Land Cruiser za mashirika, nyingine zikiwa na usukani kushoto. Kwa hizo, mbali zaidi ni nyuma kulia. Yapo pia magari ambayo mabomba yake yamegawanywa kimshazari, na kiwanda kimeyapangia utaratibu wake. Kitabu cha gari kikiwepo, kifuatwe hicho.

Hilux, Hiace na Land Cruiser zina jambo jingine linalosahauliwa. Nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma inayopima uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya breki, na baadhi ya vali hizo zina niplo yake yenyewe. Mafundi wanaoblidi magurudumu manne na kuiacha hiyo ya tano hushangaa pedali inapobaki laini.

Kazi ikiisha, jaribio ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikiliwe, kisha injini iwashwe. Inapaswa kushuka kidogo tu na kusimama; hiyo ni busta, kisaidizi cha mguu wa dereva, inafanya kazi. Ikiendelea kuzama taratibu chini ya mguu, kuna mahali panapovuja, na gari hilo lisitoke uani. Ikiwa ngumu lakini chini sana, huenda hewa haina kosa: shuu za nyuma zimelika na hazijakazwa. Ikibaki laini baada ya kublidi mara mbili, iangaliwe kalipa. Kalipa za mkononi zinazoletwa kutoka soko la Kisekka kule Kampala huweza kufungwa kinyume, ya kulia ikawekwa kushoto, na niplo ikaangalia chini. Hewa hukaa juu. Niplo ikiwa chini itatoa mafuta siku nzima na hewa isitoke. Na gari lenye ABS ambalo kikopo chake kilikauka kabisa huenda limeingiza hewa ndani ya pampu ya ABS, na hapo inahitajika kompyuta ya kupimia. Hilo lipelekwe kwa fundi mwenye mashine hiyo.

Hakuna katika haya yanayomnyima fundi heshima yake. Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza amwite fundi asimame pembeni, amlipe muda wake, aangalie mikono yake. Faida kubwa ya mwenye gari kuishika spana mwenyewe ni kwamba ameyaona mafuta yake. Ameona rangi, ameona hewa kiasi gani imetoka na kwenye gurudumu gani, ameona hozi iliyopasuka mistari na silinda iliyolowa nje. Mtu aliyeyaona hayo haambiwi kirahisi kwamba gari lake liko sawa, wala haambiwi kirahisi kwamba anahitaji masta silinda mpya.

Yale mafuta machafu yasirudishwe kwenye kikopo hata kama yanaonekana mengi na ya bure. Ni sumu. Yasimwagwe karibu na kisima, na yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mahali ambapo mtoto mwenye kiu ataiona. Yatiwe kwenye kopo lenye alama, yafungwe, yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Yakidondokea rangi ya gari yaoshwe hapo hapo kwa maji mengi, kabla hayajaibandua.

Mvua za West Nile huanza karibu Aprili, na barabara zikilowa umbali wa kusimama huongezeka hata kwa gari zima. Mwenye gari asiyekumbuka mafuta yake ya breki yalibadilishwa lini anunue chupa mbili zenye muhuri, atafute spana ya ringi na mtu wa kumkanyagia pedali, aanze na gurudumu la nyuma kushoto.